Doti ya RAM

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani hii ni ya juzijuzi na wenyewe bado wanakwenda sokoni, alikuwapo mwanamke mmoja pale Ngamiani, mjini Tanga, jina lake Kibibi. Kaeni vizuri. Kisa hiki kina watu watatu, na kila mmoja ana haki yake mkononi na kosa lake mgongoni. Mwisho wake hautasemwa na msimuliaji, mtausema ninyi.

Kibibi alikuwa mchoraji wa kanga. Sote tunavaa kanga, tunabebea watoto, tunajitanda msibani, tunasutana kwayo, lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza imechorwa na nani? Kibibi alichora pindo, akachora mji, yaani lile pambo la katikati, akatunga na maneno. Akaupeleka mchoro kwa mwenye duka, mwenye duka akaupeleka kiwandani, kanga ikatoka, na ukingoni kabisa, kwa zile herufi ndogo ambazo watu hawazisomi, pakaandikwa jina la mwenye duka. Kanga ya pili, jina la mwenye duka. Kanga ya tatu, jina la mwenye duka. Shangazi zake walizinunua wakazivaa mbele yake, na alipowaambia kwamba hizo kazichora yeye, walicheka wakamwambia aache kuota mchana. Jambo hilo lilimuuma sana. Hakutaka utajiri, wala hakutaka kutangazwa redioni. Alitaka mara moja tu katika maisha yake ashike kanga mpya mbele ya watu, na ukingo wake useme kweli.

Huyo wa kwanza. Wa pili ni mumewe, Mbaruku, fundi redio, mtu mpole mwenye mikono myepesi. Mbaruku akikosea hunyamaza, na akiwa sahihi pia hunyamaza, kwa hiyo kumjua ni kazi. Wa tatu ni Mwanamvua, shoga yake Kibibi, aliyehariri video za harusi nyumbani kwake mtaa wa pili. Kibibi na Mwanamvua walikuwa chanda na pete tangu usichana, hata wenye maneno yao walikuwa wakisema kwamba Kibibi ana waume wawili, mmoja anavaa suruali na mwingine anajifunga kanga. Mbaruku aliyasikia maneno hayo. Alinyamaza.

Na hapa lazima lielezwe jambo moja, maana kisa kizima kimesimama juu yake. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vilivyochapwa pamoja. Mashoga wa kweli hununua doti moja wakagawana, wewe kipande na mimi kipande, wakavaa siku moja ili watu wajue kwamba hawa ni mtu na mwenzake. Ndivyo walivyofanya Kibibi na Mwanamvua kila Idi. Na kipande ukishapewa hukirudishi. Kurudisha kipande cha doti ni kumwambia mwenzako, tena mbele ya watu, kwamba yaliyokuwapo yamekwisha.

Basi ikaja habari. Kiwanda kimoja cha nguo cha Dar es Salaam kilisema kitachukua mchoro mmoja wa kanga kutoka Tanga, na safari hii jina la ukingoni litakuwa lile atakalolitoa mchoraji mwenyewe. Wakala wa kiwanda, Bwana Semboja, angefika siku ya Alhamisi, akae kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko, apokee michoro, na baada ya sala ya adhuhuri aondoke zake. Atakayechelewa amechelewa. Mchoro uletwe umechorwa kwa kompyuta, kwa ukubwa wa kanga yenyewe, kila rangi imelazwa peke yake juu ya nyingine.

Kompyuta ya zamani ya Kibibi haikuiweza kazi hiyo. Ukifungua rangi mbili inahema, ukifungua ya tatu inazima. Mbaruku akasema atamuundia mpya, na akaiunda hapohapo nyumbani, juu ya meza ya chakula, kwa hiyo siku zile watu wa nyumba ile walikula mkekani. Akatafuta kasha, akatafuta kisambaza umeme, akatafuta feni, akafunga ule ubao mkubwa ambao mafundi huuita mazabodi. Kikabaki kitu kimoja: kumbukumbu, zile kadi nyembamba zinazochomekwa kwenye mazabodi, ambazo fundi na asiye fundi sote tunaziita RAM.

Kibibi alimuuliza kwa nini hicho kitu kidogo kinamchelewesha hivyo, kwani kwenye maduka ya hapo mjini si zimejaa tele. Mbaruku akamwambia zilizojaa ni moja moja, zilizotumika, na kila moja na kabila lake. RAM, akasema, ni meza ya kazi. Kila unachokifungua lazima kikae juu yake, na kanga yako yote haiwezi kukaa kwenye kigoda. Tena zinatakiwa mbili za namna moja, za spidi moja, zilizotoka kwenye boksi moja, maana huko zilikotengenezwa zimepimwa pamoja na zinasikilizana. Ukichanganya ya huku na ya kule, zinaweza kukaa kimya siku zote, kisha siku ya kazi nzito zikagombana.

Bahati njema, au bahati mbaya, mtaamua wenyewe, Mwanamvua alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya kaka yake, na yeye pia alihitaji RAM kwa mashine yake ya video, ambayo hata moja ingeitosha. Mbaruku akamweleza cha kutafuta, asimweleze kwa nini ziwe mbili. Mwanamvua akazunguka maduka ya huko, akakuta mwisho wa yote boksi moja. Moja tu. Ndani yake kadi mbili.

Aliporudi hakupita kwake, alishukia kwa Kibibi, bado anang'aa hina ya harusi. Akalifungua boksi mbele yao. Kadi moja akamwekea Kibibi kiganjani, ya pili akairudisha ndani ya mkoba wake.

"Doti yetu hii, shoga," akasema. "Kipande chako, kipande changu."

Kibibi akamkumbatia na machozi yakamtoka. Mbaruku akaitazama ile kadi kwenye kiganja cha mkewe, akautazama mkoba wa Mwanamvua, akanyamaza.

Mgeni alipokwisha kuondoka ndipo Mbaruku akafungua mdomo. Akamwambia mkewe kwamba kadi zile zimetoka pamoja na hazifai kutengana. Amrudishie mwenzake achukue zote mbili, au amwombe na hiyo ya pili, moja kati ya hayo.

"Nimrudishie Mwanamvua kipande cha doti?" Kibibi akauliza.

"Si kanga, Kibibi. Ni RAM."

"Kwake ni kanga. Na kwangu pia."

Mbaruku angeweza kubisha. Alikuwa na hoja, alikuwa na elimu ya kazi yake, alikuwa na haki. Lakini aliyakumbuka yale maneno ya watu kuhusu waume wawili, akaona akishikilia sana ataonekana anauvunja urafiki wa mkewe kwa wivu. Akaenda kwenye kibanda chake cha kazi, akachomoa RAM ya kompyuta yake mwenyewe, yenye ukubwa uleule lakini ya kiwanda kingine, akaichomeka kando ya ile ya Mwanamvua. Mashine ikawaka. Akaipima kwa programu ya kupimia. Kibibi aliingia na chai akamkuta anazima kioo haraka.

"Iko sawa?" akamuuliza.

"Iko sawa," akasema Mbaruku.

Lishikeni neno hilo.

Kibibi akachora. Pindo akalichora majani ya mkonge, yamesimama kwa ukali wake kama yanavyosimama mashambani. Mji akauchora tenga la machungwa ya Muheza. Maneno akaandika: TULICHOGAWANA HAKIPUNGUI. Mashine ilikwenda vizuri, kwa sababu alikuwa akifungua rangi moja moja, leo kijani, kesho nyeusi, na meza ilitosha. Akifika Mwanamvua, anaonyeshwa. Akifika Mbaruku, anaonyeshwa. Mwanamvua anasifu kwa sauti, Mbaruku anasifu kwa kutikisa kichwa. Na kila Mwanamvua alipouliza kipande chake cha doti kinaendeleaje, Kibibi alimjibu kwamba kinamhifadhi.

Ikafika Alhamisi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, Kibibi akafungua rangi zote pamoja kwa mara ya kwanza, ili azilaze moja juu ya nyingine, aukabidhi mchoro. Kanga nzima ikatokea kwenye kioo, majani na machungwa na maneno, naye akaipenda mpaka akaogopa. Akahifadhi. Mashine ikaganda. Akangoja. Akabonyeza. Ikazima yenyewe na kujiwasha, na alipoufungua mchoro tena, pindo lilikuwapo, maneno yalikuwapo, lakini mji ulikuwa umechanika mistari mistari, machungwa yamekatwa vipandevipande na rangi zimehama. Nakala aliyokuwa ameiweka kando ilikuwa ya zamani, ina pindo tupu.

Kibibi hakupiga kelele. Alimwita mumewe kwa sauti ya chini, na Mbaruku alipoingia na kukitazama kioo, akakaa chini kwenye mkeka.

"Siku ile nilipopima," akasema, "niliona mistari myekundu."

"Mistari gani?"

"Ya makosa. Kadi hizi mbili hazisikilizani. Zikijazwa zinachanganya mambo."

"Ukaniambia iko sawa."

"Ningekwambia ungesema nina wivu na shoga yako."

Kibibi alitaka kumjibu kwamba asingesema hivyo. Akashindwa, kwa kuwa ni kweli angesema, tena kwa hayohayo maneno. Hasira ilimpanda, na chini ya hasira ilikuwapo aibu, na aibu ndiyo iliyomuumiza zaidi.

Mbaruku akajaribu. Akaipunguza spidi ya kadi, mchoro ukafunguka, ukaganda tena. Akaichomoa kadi yake akaiacha ya Mwanamvua peke yake, mchoro ukakataa kabisa kufunguka, meza ikawa ndogo. Hakukuwa na dawa ila moja. Kadi ile ilimtaka mwenzake, na mwenzake alikuwa mtaa wa pili, ndani ya mashine ya Mwanamvua.

Kibibi akajitanda kanga akatoka mbio. Sasa sikilizeni alichokikuta.

Mwanamvua alikuwa amekaa mbele ya mashine yake anaunganisha video ya harusi ya ukoo mmoja mkubwa wa hapo Tanga. Hakuwahi kupewa kazi ya watu kama wale. Alasiri hiyohiyo mama wa bibi harusi alikuwa amewaalika wanawake wa mji mzima waje kuitazama. Mashine ilikuwa ikiunganisha tangu jana yake, na ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi imefika wapi ulikuwa umevuka nusu. RAM haichomolewi mashine ikiwa inafanya kazi. Ukizima, kazi yote inaanza upya, na ikianza upya alasiri itaikuta njiani.

Kibibi akasimama mlangoni. Mwanamvua akamwona amejitanda kanga ndani nje, akajua kuna jambo. Akamkalisha, akamsikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza kusikiliza akauliza kitu kimoja.

"Siku ile nilipozigawa, mlijua hazigawanywi?"

"Tulijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, Mwanamvua?"

"Kwa mdomo, shoga yangu. Kama unavyoniambia sasa."

Kwenye kioo ule mstari wa kijani ukasogea kidogo. Kibibi aliutazama akahisi anaufukuza kwa macho. Nje muuza maji akapita. Ndipo Kibibi, kwa woga na kwa kutaka, akasema neno ambalo hakuja nalo.

"Nipe, na jina la ukingoni litakuwa lako. Haki ya Mungu."

Mwanamvua alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha kuzimia, akakishikilia, kioo kikawa cheusi. Akafungua kasha, akachomoa kadi, akaifunga kwenye karatasi laini, akamkabidhi mwenzake. Akamwambia aende, mama wa bibi harusi amwachie yeye.

Na mama wa bibi harusi, ili tusilirudie hili, alimtolea Mwanamvua maneno alasiri ile mbele ya wanawake wa mji mzima, maneno ya kumshusha mtu asinyanyuke, na tangu siku hiyo hakuna aliyempelekea Mwanamvua harusi yake.

Kibibi akarudi nyumbani. Mbaruku akazichomeka kadi mbili, pacha na pacha, akaipima mashine mbele ya mkewe, wakakitazama kioo pamoja kwa pumzi moja. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Mchoro ukafunguka wote, ukatulia, ukahifadhika. Lakini RAM hairudishi kilichokwisha kuharibika. Mji ulibaki mistari mistari, na ilimbidi Kibibi auchore upya kutoka mwanzo, na jua lilikuwa limeshapanda.

Alikaa akaanza. Mkono wake ulipofika kwenye mdomo wa tenga alijua hatawahi. Akamwambia mumewe aende kijiweni, amzuie Bwana Semboja kwa njia yoyote.

Mbaruku akamjibu mkewe kwamba Bwana Semboja hamngojei mtu, wengine wameshamwomba tangu asubuhi akawakatalia. Hana cha kumwambia ila ukweli. Na ukweli huo akiusema pale kijiweni, mbele ya wanaume wanaomletea redio zao, ndio mwisho wa kazi yake, maana ni nani atakayempa kifaa chake fundi aliyeona kosa akalificha?

"Nitakwenda," akasema. "Lakini kanga hiyo iandikwe jina langu. Watakaonicheka barabarani, wake zao wawe wamejifunga jina langu."

Kibibi hakugeuza uso kutoka kwenye kioo. "Liwe lako," akasema. "Nenda."

Alilisema kama mtu anayeitikia hodi huku mikono yake imo kwenye unga. Lakini alilisema, na Mbaruku alilisikia, akaenda.

Waliokuwapo kijiweni wanasema adhuhuri ilikuwa imeshasaliwa na Bwana Semboja alikuwa amesimama na mkoba begani. Mbaruku, yule mtu wa kunyamaza, akasimama mbele yake akasema yote kwa sauti ya kusikika: kwamba aliiunda mashine, kwamba aliona kosa, kwamba alimwambia mkewe iko sawa kwa kuogopa kuitwa mwenye wivu, na kwamba sasa mkewe anachora upya kwa sababu yake. Wanaume wakacheka. Mmoja akamwambia redio yake aliyoipeleka juzi ataifuata jioni, asihangaike nayo. Mbaruku akasimama palepale. Bwana Semboja akamuuliza kwa nini anamweleza mambo ya ndani ya nyumba yake.

"Kwa sababu ukiondoka sasa," Mbaruku akasema, "kosa langu litakuwa limeshinda."

Bwana Semboja akamtazama sana. Kisha akauweka mkoba chini, akaomba kahawa, akasema atangoja mpaka birika liishe.

Nyumbani Kibibi alichora. Hakuwa na wakati wa kuyapanga machungwa vizuri kama mwanzo, akayachora yanavyokuja, tenga limeinama na machungwa yanamwagika kuelekea pindoni, moja limemenywa nusu. Shingo ilimuuma, macho yalimwasha, na mara mbili alilia bila kusimamisha mkono. Mji wa kwanza ulikuwa mzuri. Huu wa pili ulikuwa hai, na mwenyewe alijua alipouona. Akautia kwenye flashi akaufikisha kijiweni birika likiwa limebaki mashapo. Bwana Semboja akaupokea, akaupeleka.

Siku zikapita. Mbaruku akakaa kibandani kwake bila redio za watu. Mwanamvua akakaa na mashine yake bila harusi. Kibibi akatembea kati ya wawili hao, huku anapika na huku anapeleka, na hakuna aliyetaja ahadi yoyote, kwa sababu huwezi kugombea mtoto ambaye hajazaliwa.

Kisha simu ikalia. Ilikuwa mchana, Mwanamvua amekuja kumtazama mwenzake, Mbaruku yuko nyumbani kwa kukosa kazi. Kibibi akaifungulia simu sauti wasikie wote, kwa furaha tu, hakuwaza. Bwana Semboja akasema kanga ya Tanga imepita, watu wa kiwanda wameupenda mno ule mji wa machungwa yanayomwagika, mitambo imeshatiwa rangi na imebaki kuandika ukingoni. Jina gani?

Kibibi akauliza kama yanaweza kuandikwa majina mawili, au matatu. Bwana Semboja akasema nafasi ni ya jina moja, la mtu mmoja, ndivyo walivyokubaliana wakubwa. Akasema atangoja kwenye simu lakini asimngojeshe sana.

Kibibi akaifunika simu kwa kiganja. Akainua macho, akakuta wote wawili wanamtazama.

Mwanamvua akasema, "Mimi sikukuomba jina. Ulilitoa mwenyewe nyumbani kwangu, ukamtaja Mungu. Niliizima mashine nikijua ninazima nini. Bila kipande changu, kanga hiyo ingekuwa mistari mpaka leo. Sasa nikipita wananiita mharibu harusi. Nipe hilo jina nipate kutoka nje."

Mbaruku akasema, "Ahadi yako ilitangulia, shemeji, sikatai. Lakini wewe ndiye uliyegawa kisichogawanyika. Ungezileta zote mbili, tusingefika hapa."

"Na wewe ndiye uliyeiona mistari myekundu."

"Niliiona, nikanyamaza. Nimelilipa hilo mbele ya mji mzima. Kipande chako kilifungua mchoro, lakini mchoro usiopokelewa ni pambo la ukutani. Bwana Semboja alikuwa amesimama. Aliketi kwa ajili ya aibu yangu." Akamgeukia mkewe. "Niliuza jina langu kwa kanga hii, Kibibi. Ulikubali kunirudishia."

Kibibi akasema, polepole, kwa sababu lilikuwa neno lake la miaka mingi na alikuwa hajawahi kulitoa, "Na mkono uliochora ni wa nani? Kanga ya kwanza jina la mwenye duka, ya pili la mwenye duka, ya tatu la mwenye duka. Sasa hii nayo iende kwa mtu mwingine? Mlinipa RAM, mlinipa muda. Machungwa nimeyachora mimi, na mji ulioipitisha ni huo."

"Mkono ni wako," Mwanamvua akasema. "Na ulimi ni wako pia."

Mbaruku akaangalia sakafu, na safari hii Kibibi alitamani ule ukimya wake umalizike. Simu ikasema chini ya kiganja, kwa sauti ndogo, "Mama? Uko hapo?"

Haya, ndugu zangu. Mmoja aligawa kwa mapenzi, na mgawo wake ndio ulioleta balaa, kisha akatoa chake chote kulizuia. Mmoja alinyamaza kwa kulinda nyumba yake, na kimya chake ndicho kilichochana mchoro, kisha akasema pale ambapo kusema kulimgharimu. Mmoja aliona haya kukirudisha kipande, na haya yake ndiyo iliyofungua mlango kwa yote, kisha akachora kwa machozi, lakini kabla hajamaliza alikuwa ameshatoa jina moja mara mbili. Msimtaje Mungu na ahadi bila kutaja jasho, wala msitaje jasho bila kumtaja Mungu na ahadi.

Kibibi ameondoa kiganja. Bwana Semboja amekwisha kushika kalamu, na mitambo inanguruma nyuma yake. Mwambieni ninyi: ni nani kati ya hawa watatu aliyestahili, na aandike jina la nani?